Kinamasi Hutazamwa Kuanzia Mlimani

Kiangazi kikikolea, kuanzia Julai hadi Oktoba, magari ya watalii hupangana kwenye kingo za kinamasi cha Silale, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Abiria husimama chini ya paa lililoinuliwa, darubini machoni. Mbele yao tembo wameingia majini hadi tumboni, wanang'oa nyasi kwa mkonga, wanazipigapiga kuondoa tope, ndipo wanazitia kinywani. Yangeyange huwafuata hatua kwa hatua wakidaka wadudu wanaofurushwa na miguu hiyo mikubwa. Mwenye bahati humwona chatu aliyejizungusha kwenye tawi la mti wa ukingoni. Ni mandhari inayomtosha mtu kusafiri kutoka bara jingine, na wengi husafiri kwa ajili yake.

Wengi pia huondoka na jibu moja: wanyama wamejaa hapa kwa sababu maji yapo. Jibu hilo ni la kweli, ila limeishia njiani. Linabaki swali lenye uzito zaidi: maji haya yapo kwa sababu gani, wakati nchi yote ya kandokando imekauka ikapasuka? Kulijibu kunatutoa nje ya lango la hifadhi na kutupandisha kusini hadi wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, kwenye kata za milimani kama Busi, ambako magari ya watalii hayaendi.

Hoja ya safu hii ni hii. Msafiri anayetaka kuwaona wanyama wa ardhi oevu na kukielewa anachokiona, inampasa ayafuate maji tangu yanakoangukia. Na taifa linalotaka msafiri huyo aendelee kuja, inalipasa kumthamini mkulima wa juu kama linavyomthamini tembo wa chini, kwa kuwa uhai wa mmoja umeshikwa na jembe la mwingine.

Mvua isiyofika baharini

Milima ya Irangi, nchi ya Warangi, iko kaskazini mwa mkoa wa Dodoma. Uwanda wa kati hupata msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au mapema Mei. Dodoma mjini wastani ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, milimani huongezeka. Kwa hiyo kila kiumbe kinachokunywa mwezi Agosti, awe binadamu, ng'ombe au nyumbu, kinakunywa mvua ya Februari iliyohifadhiwa mahali fulani. Kazi yote ya kuelewa ardhi oevu za ukanda huu ni kujua mahali hapo ni wapi na nani anapatunza.

Mvua ikishuka juu ya milima hii hugawana njia. Sehemu huteremka magharibi hadi Mto Bubu, ukaipeleka kusini kupitia Chemba hadi kwenye kinamasi cha Bahi. Sehemu nyingine huelekea kaskazini, ikaulisha Mto Tarangire, unaokatiza hifadhi yenye jina hilo na kuishia Ziwa Burunge. Hakuna hata njia moja kati ya hizo inayofika Bahari ya Hindi. Tuko ndani ya Bonde la Kati, bonde ambalo mito yake huishia bara: kwenye maziwa ya magadi, kwenye mabwawa ya msimu, ardhini na angani.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mto unaokwenda baharini hubeba makosa ya watu wa juu na kuyamwaga kwenye maji makuu. Mto wa Bonde la Kati hauna pa kuyamwaga. Mchanga uliotoka kwenye shamba la mteremkoni hutua bondeni na hubaki hapo hapo, mwaka baada ya mwaka, juu ya ule wa mwaka jana. Huko huko Kondoa lipo Ziwa Haubi, ziwa dogo la kina kifupi linalojaa na kunywea kufuatana na miaka. Wanasayansi wamechimba tope la chini yake na kulisoma tabaka kwa tabaka kama kumbukumbu ya mmomonyoko wa milima inayolizunguka. Anayetilia shaka kwamba ziwa na shamba ni kitu kimoja, tope hilo linatosha kumthibitishia.

Tembo na mama wanachimba mchanga ule ule

Ndani ya Tarangire vipo vinamasi kadhaa, Silale, Gursi na Lamarkau vikiwa kati ya vile vinavyojulikana zaidi. Vimelala juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wenyeji wa kati wanaufahamu kwa kunasa magari masika na kupasuka kiangazi. Udongo huo hauyaruhusu maji kuzama upesi. Masika maji hujikusanya, hutandaa, huingia kati ya ndago, nyasi na matete, na mimea hiyo huyapunguza mwendo. Kinamasi hufanya kazi ya mtungi: hujazwa kwa wiki chache, huchotwa kwa miezi.

Mto wenyewe una tabia tofauti. Mvua zikiisha, maji ya juu hupungua, katika sehemu nyingi yakabaki madimbwi tu, na mto ukawa njia pana ya mchanga. Lakini mchanga huo haujakauka hadi chini. Hapo ndipo tembo huonyesha ujuzi wake. Husimama mahali anapopachagua mwenyewe, huparua kwa mguu wa mbele, huutoa mchanga kwa mkonga, huchimba tena. Kisima kikifika kimo cha mkonga, husubiri maji yajichuje na tope litulie, ndipo anyonye. Mara nyingi hufanya hivyo hata dimbwi likiwa jirani, kwa kuwa maji yaliyochujwa na mchanga ni safi zaidi. Akiondoka, nyani na pundamilia waliokuwa wakingoja husogea kwenye kisima chake.

Ukipanda Kondoa mwezi huo huo utakuta kazi ile ile. Kwenye mito ya mchanga ya wilaya hiyo, akina mama na watoto huchimba mashimo, hungoja maji yajikusanye, huteka kwa kopo na kujaza ndoo. Hawa na tembo wanategemea sheria moja ya maumbile: mvua iliyopata nafasi ya kuzama mlimani hutembea chini kwa chini, polepole, na kujitokeza kiangazi bondeni. Mvua iliyokosa nafasi hiyo hukimbia juu ya ardhi siku ile ile, ikiwa imebeba udongo, na Agosti haipo.

Kwa nini basi wanyama wasikae Tarangire mwaka mzima? Kwa sababu maji peke yake hayatoshi. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia huacha vinamasi na kwenda mashariki, kwenye mbuga za Simanjiro. Nyasi za huko zina madini, hasa fosforasi, ambayo majike wenye watoto wanaonyonya huyahitaji, na nyasi za hifadhini masika hazina kiasi hicho. Wengine huvuka ushoroba wa Kwakuchinja, wakikatiza barabara kuu, kuelekea Ziwa Manyara. Juni wanaanza kurudi. Hifadhi ina kilomita za mraba 2,850 na mipaka yake ilichorwa na watu. Wanyama hawa wanaishi ndani ya eneo kubwa zaidi ya hilo, na kinamasi ni makao yao ya msimu mmoja tu.

Mwaka 1993 ulilionyesha hili kwa uchungu. Ukame mkali uliipiga Tarangire, na mtafiti Charles Foley, aliyeanza kuwachunguza tembo wa hifadhi hiyo mwaka ule ule, aliona ndama 16 kati ya 81 wakifa ndani ya miezi tisa. Kwa kawaida wanaokufa ni wachache mno. Lakini vifo havikugawanyika sawa. Familia zilizoihama hifadhi zilipoteza ndama wachache kuliko zilizobaki. Watafiti walieleza kwamba huenda majike wakuu wenye umri mkubwa, waliouona ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961 wakiwa wadogo, waliwaongoza wenzao hadi kwenye maji na malisho waliyoyakumbuka. Maarifa hayo ya bibi wa tembo yalikuwa na faida kwa sababu njia ya kutoka ilikuwa wazi na maji ya nje yalikuwepo. Yakikosekana yote mawili, kumbukumbu haimwokoi ndama.

Mzigo uliobebwa Kondoa

Sasa turudi mlimani. Kondoa ya miaka ya 1970 ilijulikana kwa jambo moja kuliko mengine yote: makorongo. Simama ukingoni mwa mojawapo hata leo uangalie ukuta wa upande wa pili. Utaona udongo mwekundu umekatwa wima, mizizi ya miti ikining'inia hewani, na chini kabisa mchanga mweupe uliotandazwa na mafuriko ya msimu uliopita. Hayo hayakuja kwa siku moja. Kukatwa kwa misitu, kilimo cha miteremkoni, mifugo mingi mahali pamoja na mvua zinazoanguka kwa kishindo juu ya ardhi iliyo wazi vilifanya kazi kwa miongo mingi, na serikali ya kikoloni ilikwisha kupambana navyo kwa matuta na amri kabla ya uhuru.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Makinga maji yalichimbwa, miti ikapandwa, makorongo yakazibwa. Bado ardhi haikupumzika. Mwaka 1979 ukaja uamuzi mzito: mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi, lenye takriban kilomita za mraba 1,256. Walioondolewa ni karibu mifugo 90,000, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Ulikuwa uamuzi wa kuagizwa kutoka juu, na wenyeji ndio walioubeba. Kaya zilizozoea maziwa zikayakosa, mbolea ya samadi ikatoweka shambani, akiba ya mahari na ya siku ya dhiki ikahamia kwa ndugu wa nyanda za chini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ng'ombe wachache walipoanza kurudishwa, wakiwa wa kufugwa zizini na kukatiwa majani.

Matokeo yalionekana kwa macho. Nyasi zilirudi, vichaka vikafuata, miti ikachipua kwenye visiki vyake yenyewe, na makorongo mengi yakaanza kutulia. Wataalamu wa hifadhi ya ardhi wa Afrika Mashariki na Ulaya walikwenda Kondoa kujifunza. Nimesoma na kusikia mengi yakisemwa kuhusu mafanikio ya kilimo ya mradi huu na kuhusu ukali wake kwa wafugaji. Machache sana yamesemwa kuhusu walio chini ya mto. Miteremko ikivaa nyasi, mchanga unaofika bondeni hupungua, na maji yanayozama huongezeka. Watu wa Kondoa waliitoa mifugo yao kwa ajili ya mashamba yao. Bila kuambiwa na mtu, walikuwa pia wanaitunza mito inayonywesha pori.

Hapa ni lazima tuwe waangalifu, kwani zipo imani zinazorudiwa bila kupimwa. Haifuati kwamba kila mti unaopandwa huongeza maji. Miti nayo hunywa, na msitu mnene katika nchi kavu unaweza kuyamaliza maji ya ardhini. Utafiti uliofanyika Burkina Faso na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika nchi ya mvua chache, maji yanayozama huwa mengi zaidi pale miti ilipo ya wastani: si uwanda mtupu, wala si msitu uliofunga. Mizizi na wadudu wa chini ya mti hufungua njia za maji, na nafasi kati ya mti na mti hupunguza unywaji. Kwa hiyo kipimo cha mteremko uliotunzwa si idadi ya miche iliyopandwa siku ya sherehe. Kipimo ni uso wa ardhi: je, una nyasi za kudumu, una makinga maji yaliyofuata mkingamo, una majani makavu ya kuuvunja mshindo wa tone? Mtu yeyote anayepita Busi au Haubi baada ya mvua kubwa anaweza kupima mwenyewe. Aangalie rangi ya maji kwenye kijito. Maji yakiwa ya udongo mwekundu, shamba linahama.

Ihefu ilikwisha kutufundisha

Atakayesema kwamba inatosha kulinda kinamasi chenyewe, ajibiwe na Ihefu. Kinamasi hicho kipo nyanda za Usangu, Mbarali, mkoani Mbeya, na ndicho kinachoushika Mto Ruaha Mkuu kabla haujaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuteremka hadi bwawa la Mtera, linalopakana na mkoa wa Dodoma. Kuanzia mwaka 1993 mto huo ulianza kukatika kiangazi ndani ya hifadhi. Viboko walirundikana kwenye madimbwi yanayokauka, samaki wakafa, na mabwawa ya umeme yakahisi upungufu.

Kidole kilielekezwa kwa wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa Usangu na makundi yao ya ng'ombe, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikapanuka hadi kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Mto uliendelea kukatika. Sababu haikuwa siri kwa waliopima. Maji mengi ya kiangazi yalikuwa yanachepushwa kabla ya kufika kinamasini, kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, makubwa na madogo, yaliyo juu yake. Kuweka mpaka kuzunguka kinamasi hakukuongeza tone la maji yanayoingia. Watu walihamishwa, mpaka ukasogezwa, na bomba la juu likabaki wazi.

Funzo hilo ni la Tanzania nzima. Ardhi oevu haina ukuta upande wa juu. Askari wa wanyamapori anaweza kumzuia jangili getini, lakini hawezi kuuzuia mchanga wala kuyaita maji yaliyochepushwa umbali wa kilomita 100.

Bahi, kinamasi kisicho na lango

Njia nyingine ya mvua ya Irangi, ile ya Mto Bubu, inatuonyesha upande mwingine wa jambo hili. Bahi iko magharibi mwa jiji la Dodoma, kwenye Reli ya Kati, bondeni chini ya ukuta wa Bonde la Ufa unaopanda kuelekea Kilimatinde. Mwaka wa mvua nzuri uwanda huo hugeuka maji hadi upeo wa macho. Ndege wa majini hushuka, perege na kambale huzaana, wavuvi hufika kutoka mbali, na wakulima wa mpunga hupata mavuno ambayo Dodoma kavu haiwezi kuyatoa kwingineko. Mwaka wa ukame uwanda huo huo huwa ardhi iliyopasuka. Kambale, mwenye kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa, ndiye huvumilia hadi tope la mwisho.

Tanzania ina maeneo manne yaliyotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu: Malagarasi-Muyovozi tangu mwaka 2000, Ziwa Natron 2001, Bonde la Kilombero 2002, na Rufiji-Mafia-Kilwa 2004. Bahi haimo. Haina geti, haina tiketi, haimo kwenye ratiba za kampuni za utalii. Kukosa cheo hicho hakupunguzi kazi yake. Huenda hata tukaona vizuri zaidi pale, kwa kuwa mnyama, samaki, mpunga na mtu wanayatumia maji yale yale bila uzio kati yao.

Sasa Bubu unasubiri mabadiliko makubwa. Serikali imepanga kujenga bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, ili kuupa maji mji wa Dodoma unaokua upesi tangu serikali ilipohamia huko. Wananchi wa vijiji vya Mombose na Bubutole wametakiwa kupisha ujenzi. Kiu ya Dodoma ni ya kweli, na siandiki kuipinga. Ninachosema ni kwamba Bahi ipo chini ya Farkwa, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeshaweka utaratibu: maji ya matumizi ya nyumbani kwanza, kisha akiba ya maji kwa ajili ya mazingira, ndipo yafuate matumizi mengine. Akiba hiyo haina budi kutajwa kwa tarakimu. Kabla bwawa halijajaa, mvuvi wa Bahi anastahili kujua ni maji kiasi gani yatakayoachwa yapite, mwezi gani, na nani atakayefungua mlango. Kinamasi cha msimu huishi kwa mafuriko ya msimu. Kikipewa mtiririko mdogo wa mwaka mzima badala ya gharika ya wiki chache, samaki hawatapata uwanda wa kuzalia hata kama jumla ya maji kwenye karatasi inalingana.

Mteremko nao una bei

Tuna mifumo ya kuwalipa watu wanaoishi na wanyamapori, na ni vema ipo. Vijiji vya Babati vilivyo kati ya Tarangire na Manyara viliunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge, vinapata mgawo wa fedha za utalii. Huko Simanjiro, kijiji cha Terrat kiliingia makubaliano na kampuni za utalii katikati ya miaka ya 2000: kijiji kilipwe kila mwaka ili mbuga ya malisho isigeuzwe shamba, nyumbu apate nyasi za kuzalia na ng'ombe wa Mmasai aendelee kulisha hapo hapo. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, nalo lina mpango wa ujirani mwema unaojenga madarasa na zahanati katika vijiji vya mipakani.

Mifumo hii yote hupima jambo moja, ukaribu wa mnyama. Anayemwona tembo kutoka mlangoni pake analipwa au anasaidiwa. Anayeushika udongo mlimani, ili tembo huyo apate maji Agosti, hayumo kwenye hesabu. Kama tumekubali kulipia nyasi za Simanjiro, hakuna sababu ya kimantiki ya kutolipia mteremko wa Kondoa.

Wala si jambo jipya kwetu. Katika milima ya Uluguru, kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao wakulima wa juu ya Mto Ruvu walilipwa kwa kutengeneza matuta na kupanda miti, na shirika la maji la Dar es Salaam likakubali kuchangia kama mnywaji wa maji hayo. Kenya, kwenye Ziwa Naivasha, ambalo ni eneo la Ramsar tangu 1995, wakulima wa maua na watumiaji wengine wa ziwa walijiunga kuwapa vocha wakulima wadogo wa bonde la juu la Mto Malewa wanaopanda nyasi za kinga na kuacha kingo za mto bila kulimwa. Fedha hazikuwa nyingi. Zilitosha kumfanya mkulima aone kwamba mtu wa chini anamjua.

Pendekezo langu ni la aina hiyo. Bodi ya Maji ya Bonde la Kati na TANAPA zikae meza moja na halmashauri ya Kondoa. Litengwe fungu kutokana na utalii wa Tarangire, lilipwe kwa kazi zinazoweza kukaguliwa: makinga maji yaliyokarabatiwa, kingo za mito zilizoachwa mita 60 kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inavyotaka, makorongo yaliyofungwa, majani ya malisho yaliyopandwa kwenye mipaka ya mashamba kwa ng'ombe wa zizini. Malipo yapitie serikali ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, hesabu zisomwe hadharani. Kata kama Busi, yenye watu walio na kumbukumbu ya 1979, haitahitaji semina ya kuelezwa mmomonyoko ni nini. Itahitaji uhakika kwamba safari hii gharama haitabebwa na upande mmoja.

Kwa atakayesafiri

Msafiri naye ana sehemu yake, na ni rahisi kuliko ilivyokuwa. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251 na iliyozinduliwa mwaka 2018, imeifungua njia hii. Anayetoka Dodoma kwenda Tarangire anapita Chemba, Kondoa, Kolo na Bereko. Asiikimbize njia hiyo usiku. Alale Kondoa. Asubuhi aombe mwenyeji wa kumpeleka milimani, aone makorongo yaliyopona na yasiyopona, aone mito ya mchanga na mashimo ya maji.

Kisha asimame Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Zaidi ya mapango na miamba 150 ina michoro, na humo wamo tembo, twiga na pofu waliochorwa na watu waliowajua wanyama hao kwa kuwawinda. Michoro hiyo inaeleza bila maneno kwamba milima hii na wanyamapori walikuwa nchi moja kabla hatujaweka upande huu hifadhi na upande ule mashamba.

Ndipo aingie Tarangire. Akifika Silale aombe gari lizimwe, na maswali yake yaanzie kwenye maji: yameingia lini, yamepungua kiasi gani tangu mwezi uliopita, mchanga umesogea wapi. Mwongoza watalii mwenye ujuzi atayajibu, na asiyeyajua atajifunza kwa sababu ameulizwa. Anayependa ndege aje masika, kati ya Novemba na Aprili, wakati wageni kutoka Ulaya na Asia wapo. Hifadhi ina aina zaidi ya 500. Na mwaka ambao Bubu umejaza Bahi, atenge siku ya kwenda huko pia, apitie kwa viongozi wa kijiji, akodi mtumbwi wa mvuvi na alipe bei inayostahili.

Mengi yatakayoamua kama vinamasi hivi vitakuwa na tembo na perege miaka 30 ijayo yanaamuliwa sasa, kwenye mikutano ya vijiji, kwenye ofisi za bonde na kwenye meza za wasanifu wa mabwawa. Utalii una sauti kwenye meza hizo kwa sababu una fedha. Wizara yenye dhamana ya maliasili na ile ya maji zinaweza kuanza bila sheria mpya: zitangaze kiasi cha maji ya akiba kwa Bahi kabla ya Farkwa kujazwa, na ziweke mkataba wa kwanza wa malipo kati ya Tarangire na vijiji vya milima ya Kondoa. Mkataba huo uanze na kata chache, Busi ikiwemo, upimwe kwa misimu mitatu ya mvua, kisha upanuliwe.